Pembe Kali, Pembe Butu: Kusoma Hex Tukiwa Lucky Summer

Kiswahili hakina huruma na pembe. Ukitolewa kwenye mpango, umewekwa pembeni. Mtaa unaokumbukwa wakati wa kura tu, uko pembezoni. Hata majina ya mahali yanashuhudia: kuna Kona Baridi ukitoka Kiserian kwenda Magadi, kuna Kona Mbaya pande za magharibi ya nchi, na mimi sijawahi kusikia matatu ikiita abiria wa Kona Tamu. Lugha ishahukumu. Kona ni mahali pa kubanwa, pa kungojewa na wakora, pa kusahaulika.

Kuna mchezo mmoja ambao naona umeielewa kona vizuri kuliko methali zetu. Unaitwa Hex. Unachezwa juu ya ubao wa vyumba vya pembesita, kama masega ya nyuki, na umeandikiwa vitabu na wanahisabati wa dunia nzima. Nimeusoma kwa muda sasa, nimeucheza na watu wa mtaani kwangu Lucky Summer, na hoja yangu ni hii: Hex ni mchezo unaosema ukweli kuhusu kona, na ukweli wenyewe si mtamu. Kona inaweza kuamua kila kitu, ila ukianza kuifikiria siku umefika hapo, umechelewa.

Kwanza sheria, kwa sababu ni chache mno. Ubao una umbo la msambamba ulioinama, kwa kawaida vyumba 11 kwa 11, jumla 121. Wachezaji ni wawili. Mmoja anamiliki kingo mbili zinazotazamana, juu na chini. Mwingine anamiliki kushoto na kulia. Kila mtu kwa zamu anaweka kete moja kwenye chumba chochote kilicho wazi. Kete haisongi, hailiwi, haiondolewi. Wa kwanza kuunganisha kingo zake mbili kwa mnyororo wa kete zake ameshinda. Basi. Hakuna kingi, hakuna kura, hakuna refa.

Piet Hein, Mdenishi aliyekuwa mshairi na mwanasayansi kwa pamoja, aliuonyesha mchezo huu mwaka 1942, na mwezi wa Desemba mwaka huo gazeti la Politiken la Copenhagen likauchapisha. Miaka michache baadaye, mwaka 1948, John Nash aliubuni upya akiwa mwanafunzi Princeton, bila kuiga. Kampuni ya Parker Brothers iliuuza kwa jina la Hex kuanzia mwaka 1952, halafu Martin Gardner akautangaza kwa wasomaji wa Scientific American mwaka 1957. Historia yenyewe ni fupi hivyo. Mambo yako kwenye ubao.

Jambo la kwanza la ajabu ni kwamba Hex haina sare. Ukijaza vyumba vyote 121 kwa kete za rangi mbili, vyovyote vile, lazima mmoja awe ameunganisha, na wote wawili hawawezi kuwa wameunganisha. Mwanahisabati David Gale alionyesha mwaka 1979 kwamba ukweli huu mdogo wa ubao una uzito sawa na nadharia moja kubwa ya hisabati, ile ya Brouwer ya nukta isiyohama. Kwa lugha ya mtaa: njia pekee ya kumzuia mwenzako asiunganishe ni wewe uunganishe. Hakuna kukaa tu na kuharibu. Ukuta wako ndio barabara yako.

Hapa ndipo kona inaingia. Kwa sababu ubao umeinama, kona zake nne hazifanani. Mbili ni pembe kali na mbili ni pembe butu, kama tulivyofundishwa darasani na protrakta za plastiki. Chumba cha pembe butu kina majirani watatu. Chumba cha pembe kali kina majirani wawili tu. Pembe butu mbili zinatazamana kwa njia fupi inayopita katikati ya ubao, kwa hivyo ziko karibu na mambo. Pembe kali zimetupwa huko mbali, kwenye ncha. Napenda sana vile istilahi zetu zinavyocheza hapa. Sheng inatuambia kitu kikali ni kitu kizuri: gemu kali, ngoma kali. Kwenye Hex, kona kali ndiyo dhaifu. Butu ndiyo yenye nguvu.

Udhaifu huo si maneno. Anatole Beck alithibitisha, na uthibitisho ukachapishwa kwenye kitabu mwaka 1969, kwamba mchezaji wa kwanza akianza kwa kuweka kete ndani ya chumba cha pembe kali, mpinzani wake ana njia ya hakika ya kushinda. Chukua hatua mmoja mmoja uone kwa nini kete hiyo ni mzigo. Tuseme wewe unaunganisha juu na chini, na umeweka kete kwenye kona kali ya juu kushoto. Tayari inagusa ukingo wako wa juu, unafurahi. Majirani wake ni wawili: mmoja kulia, kwenye safu hiyohiyo ya juu, na mmoja chini. Mpinzani anaweka kete yake hapo chini. Sasa umebaki na jirani mmoja, yule wa kulia. Lakini chumba hicho cha kulia tayari kinagusa ukingo wa juu chenyewe. Hakihitaji msaada wako. Kete yako haiunganishi chochote na chochote tena, mpaka mwisho wa mchezo. Na kete ya mpinzani iliyokuua iko kwenye ukingo wake mwenyewe wa kushoto, imestarehe.

Nilimwonyesha haya fundi wa viatu tunayecheza naye drafti. Nilikuwa nimechora ubao wa Hex kwa biro juu ya katoni, vizibo vya soda upande mmoja, vya bia upande mwingine. Vizibo havijawahi kuwa shida mtaani. Mzee huyu ni mkali wa drafti, na kizibo chake cha kwanza alikiweka moja kwa moja kwenye kona kali, kwa akili ya drafti: kipande kilichokaa ukingoni hakirukwi, hakiliwi. Nikaweka changu jirani, chini yake. Akatazama kwa muda.

"Imeliwa?"

"Haijaliwa, mzee. Iko tu."

"Lakini haifanyi kazi."

"Haifanyi."

"Sasa kijana wangu, kitu hakijaliwa na hakifanyi kazi, si hiyo ni mbaya kuliko kuliwa?"

Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu kete zilizokufa. Hakuna lililonifikia kama hilo.

Drafti inastahili kusimama kando ya Hex kwenye hoja hii, maana ndiyo shule yetu ya kona. Kwenye drafti kona ni maficho. Kwenye ile drafti ya kingi anayeruka mbali, kingi mmoja mpweke akishika njia ndefu ya kutoka kona moja hadi kona ya pili, hata akiwindwa na kingi watatu wanaweza kumkosa, na mchezo ukaisha sare. Kona inakuruhusu usishinde na usishindwe. Ndiyo maana drafti inapendwa na watu waliochoka. Inakupa pa kupumzikia. Bao la pwani lina mtazamo mwingine kabisa. Kule mashimo ya mwisho ya safu ya mbele yanaitwa kichwa, na kete ulizoteka unazianza kuzitawanya kutoka kichwani. Kona ya bao ni mlango, mahali ambapo mali mpya inaingilia. Drafti inajificha kwenye kona, bao linaanzia kwenye kona. Hex haifanyi moja kati ya hayo. Kwenye Hex kona ni ahadi uliyoiweka mapema, na inalipwa baadaye au hailipwi kabisa.

Ili uelewe ahadi hiyo lazima ujue vitu viwili, daraja na ngazi. Nitatumia maneno hayo kwa sababu yanaeleweka, na kwa sababu mchezo huu unahitaji Kiswahili chake.

Daraja ni kete zako mbili ambazo hazigusani, lakini katikati yao kuna vyumba viwili vilivyo wazi vinavyogusa zote mbili. Mpinzani akichukua kimoja, wewe unachukua kingine. Umeungana bila kuungana. Daraja ni njia ya kwenda haraka: unaruka vyumba, na mwenzako hawezi kukukata isipokuwa wewe mwenyewe ulale.

Ngazi ni balaa. Fikiria unashuka kuelekea ukingo wako wa chini. Kete yako iko safu ya pili kutoka ukingoni, chumba kimoja tu kimebaki ufike. Mpinzani anaweka kete chini yako, safu ya kwanza. Unasogea kando, bado safu ya pili, unatishia tena kushuka. Naye anasogea kando, safu ya kwanza. Unasogea. Anasogea. Kila hatua yako inamlazimisha, na ukitazama unaona kama wewe ndiye unayeongoza dansi. Mnakwenda hivyo pamoja kuelekea kona. Na kwenye kona kuna nini? Kuna ukingo wake. Safu yake ya chini inafika nyumbani kwake, imekamilika, imara. Safu yako ya juu imefika ukutani. Umejenga barabara nzuri inayoelekea mahali ambapo huwezi kuteremka.

Siku ngazi ilipotokea kwenye ile katoni, kulikuwa na kijana wa bodaboda amesimama akingoja abiria. Alitazama vizibo vikifuatana mpaka mwisho, akacheka.

"Buda, hii si ni intavyuu? Unaitwa ya kwanza, unapita. Ya pili, unapita. Unaambiwa rudi kesho. Kumbe mwisho wa laini kuna mtu wao ameketi."

Ndiyo, na tofauti kati ya ngazi inayokuua na ngazi inayokuokoa ni kitu kimoja: kete yako mwenyewe iliyokuwa inakusubiri mbele, karibu na kona, tayari imeshikana na ukingo wa chini. Wanaocheza sana wanaiita kwa jina linalomaanisha mahali pa kutorokea ngazi. Kama ipo, kila hatua ya mpinzani inamsogeza kwenye hasara yake. Kama haipo, kila hatua yako inakusogeza kwenye yako. Hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni kama kuna mtu wenu kule mbele.

Kete hiyo si lazima iguse ukingo. Iliyo safu ya tatu kutoka ukingoni, ikiwa na nafasi ya kutosha pembeni yake, tayari imeungana nao hata kabla hujaongeza chochote, kwa sababu mpinzani akijaribu njia moja una nyingine. Kwa hivyo wachezaji wazuri hawaweki kete kwenye chumba cha kona chenyewe. Wanakaa hatua chache kutoka hapo, mahali ambapo wanaona ukingo na pia wanaona katikati. Kete bora ya kona ina kazi mbili: inasubiri ngazi, na wakati huohuo inatishia kitu kingine. Mpinzani akijibu tishio moja, la pili linapita. Kete yenye kazi moja tu inajibiwa kwa kete moja, na mmebaki sare ya hesabu.

Mbinu ya kona ya Hex yote ni kuhusu wakati. Ukiweka kete ya kona mapema sana, umepoteza zamu katikati, na mwenzako anatawala. Ukiiweka umechelewa, ngazi ishaanza na hakuna pumzi ya kwenda pembeni. Kuna dirisha dogo, labda hatua ya nne, ya tano, ya sita, ambapo ubao bado uko wazi na hakuna anayejua vita itapigwa wapi. Hapo ndipo unaweka kete kwenye kona ambayo huenda usiihitaji. Fundi wa viatu alilielewa hili gemu ya tatu. Aliweka kizibo karibu na kona kabla hatujagusana popote, nikamuuliza kwa nini. "Hiyo nimeweka akiba," akasema. Gemu hiyo alinishinda.

Sasa niwe mkosoaji kweli. Hex ina tatizo, na tatizo hilo lilithibitishwa na mmoja wa waliouzaa. Nash alionyesha kwamba anayeanza anaweza kushinda kila mara akicheza sawasawa. Hoja yake ni fupi na ya kijanja. Tuseme wa pili ana mbinu ya hakika ya kushinda. Basi wa kwanza aweke kete popote, halafu ajifanye ndiye wa pili, aibe mbinu ileile. Kete ya ziada kwenye Hex haimdhuru mwenyewe kamwe. Kwa hiyo wote wawili wangeshinda, jambo lisilowezekana. Mbinu ya hakika, kwa sababu hakuna sare, ni ya wa kwanza. Kilichobaki ni kuchekesha: uthibitisho huu haukwambii uweke kete wapi. Unajua kuna ufunguo, hujui uko mfuko gani. Kompyuta zimechambua mpaka mwisho kila namna ya kuanza kwenye ubao wa 9 kwa 9, na baadhi ya namna za kuanza kwenye 10 kwa 10. Ukikaa na rafiki kwenye 11 kwa 11, bado mko gizani pamoja, ila anayeanza katikati ana mwanga zaidi.

Dawa iliyokubalika ni sheria ya kubadilishana. Wa kwanza anaweka kete moja, halafu wa pili anachagua: acheze dhidi yake, au aichukue iwe yake. Ni kama mathe akikuambia wewe kata chapati, ndugu yako atachagua kipande. Unakata sawasawa hapo hapo. Matokeo yake ni kwamba hakuna anayethubutu kuanza katikati, maana itachukuliwa. Watu wanatafuta hatua ya kwanza isiyo nzuri wala mbaya, na hatua za aina hiyo nyingi ziko ukingoni au jirani na pembe kali. Wakosoaji wengine wa mchezo wanaona hili kama doa: mchezo safi unaanza kwa hatua ya kujificha. Mimi naona kinyume. Sheria ya kubadilishana imeipa kona dhaifu kazi. Mahali ambapo hakuna aliyepataka ndipo pamekuwa mahali pa kuanzia mazungumzo ya haki. Sijui kama nimeona sheria nyingine ya mchezo inayofanya hivyo kwa sentensi moja.

Linganisha na wajukuu wa Hex. Havannah ilibuniwa na Mholanzi Christian Freeling, na Ravensburger wakaichapisha mwaka 1981. Ubao wake wenyewe ni pembesita kubwa yenye kona sita, na sheria zinazitaja kona hizo kwa jina. Unashinda ukiunganisha kona mbili zozote, au pande tatu, au ukifunga duara la kete zako. Na kona hazihesabiwi kama sehemu ya upande wowote. Zina uraia wao. Ni mchezo mtamu na una kelele, vitisho vinatoka kila mahali. Mwaka 2002 Freeling aliweka dau la yuro 1,000 kwamba ndani ya miaka kumi hakuna kompyuta itakayomshinda hata mara moja kati ya kumi kwenye ubao mkubwa wa vyumba 271. Mwaka 2012 dau likaenda.

Naiheshimu Havannah, lakini kwa suala la kona naona imerahisisha. Imetunga sheria kwamba kona ni muhimu. Ikishasemwa na sheria, hakuna cha kugundua. Kila mtu anakimbilia kona kwa sababu karatasi imesema. Ni kama ule mpango wa viti maalumu: una faida, lakini thamani imeletwa kutoka nje. Kwenye Hex hakuna mstari wowote wa sheria unaoipa kona ushindi. Chumba cha kona ni chumba kama kingine. Uzito wake wote unatoka kwenye mahali kilipo na kwenye kile wachezaji wanachokifanya mbali nacho.

Halafu kuna Y, mchezo wa ubao wa pembetatu ambapo kila mmoja anajaribu kuunganisha pande zote tatu. Claude Shannon, yule baba wa nadharia ya habari, aliufikiria mwanzoni mwa miaka ya 1950. Y ni safi hata kuliko Hex, kwa sababu wachezaji wote wawili wana lengo lilelile. Ila kwenye ubao wa pembetatu wa kawaida katikati ina nguvu kupita kiasi na kona zinakufa. Craige Schensted na Charles Titus, waliochapisha kitabu chao kuhusu michezo hii mwaka 1975, walipambana na jambo hilo kwa kuukunja ubao wenyewe, mistari ikapinda, ili katikati ipungue ubabe. Kwenye mchezo wao mwingine, Poly-Y, wakaenda mbali zaidi: anayeshika kona nyingi ndiye mshindi. Kwangu hiyo ni historia nzima ya watu wanaokubali kwamba katikati inakula kila kitu, kisha wanauliza nani abadilike, wachezaji au ubao.

Swali hilo linanihusu kwa sababu naishi Lucky Summer. Ni wadi ya eneo bunge la Ruaraka, jirani na viwanda vya Baba Dogo upande mmoja na Korogocho upande mwingine, na ng'ambo ya mto Nairobi kuna Dandora na lile jaa linalojulikana dunia nzima. Ukiitazama kwenye ramani ya jiji, ni kona. Anayetoka hapa kwenda kutafuta kazi anaambiwa neno moja tangu akiwa kidato cha nne: koneksheni. Una koneksheni? Unajua mtu? Lugha ya Nairobi imechukua neno la kuunganisha na kulifanya liwe na maana moja tu, kujuana. Ndiyo maana kijana wa boda hakuhitaji kuelezwa ngazi ni nini. Alikuwa ashaipanda.

Najua hatari ya kusoma mchezo hivi. Ukiwa na nyundo ya fumbo, kila katoni inaonekana msumari. Kuna watu watakaosoma mbinu ya kona na kuigeuza mahubiri ya motisha: panda mapema, vuna baadaye, vijana mjipange. Hex haisemi hivyo, na hapa nataka kuwa mkali. Kete unayoiweka kwenye kona mapema inakugharimu zamu, na zamu kwenye Hex ni kitu kimoja ambacho kila mchezaji anapewa sawa na mwenzake, moja kwa moja, bila upendeleo. Ndiyo maana kuweka akiba kunawezekana. Mtu ambaye zamu zake zote zinaishia kuzuia hatari ya leo, kodi ya leo, chakula cha leo, hana hatua ya tano ya kuitumia pembeni. Huwezi kumlaumu kwa kukosa mbinu. Hajawahi kuwa na zamu huru.

Na kuna tofauti kubwa zaidi. Kwenye Hex, kabla kizibo cha kwanza hakijawekwa, kila mchezaji ana kingo mbili zilizo zake. Hakuna anayezipigania. Mchezo mzima ni kuunganisha vitu viwili ambavyo tayari ni vyako. Nadhani huo ndio uzuri wa Hex na pia kikomo chake kama picha ya maisha yetu: unadhania kwamba kila mtu ameanza na ukingo.

Kwa hivyo sikusihi uucheze ili ukufundishe kutoboa maisha. Ucheze kwa sababu ni mchezo kali, kwa maana ya Sheng safari hii, na kwa sababu ni wa bei ya katoni na biro. Anza na vyumba 7 kwa 7 ndipo uone ngazi haraka, halafu panda hadi 11. Weka sheria ya kubadilishana tangu siku ya kwanza. Usikae kwenye kona kali. Kaa hatua chache nje yake, unapoona pande zote mbili. Na jaribuni kuucheza kwa Kiswahili: daraja, ngazi, kete iliyokufa, akiba. Vitabu vya mchezo huu vimejaa herufi na tarakimu za vyumba, vinasomeka kama risiti. Sisi tuna maneno bora, na msee mmoja wa viatu tayari ameanza kuyatunga.

Mchezo mkubwa unajulikana kwa swali unalokuachia ukishafunga ubao. Drafti inaniachia swali la nani alikuwa mjanja. Bao linaniachia swali la nani alihesabu mbali. Hex inaniachia swali la wakati: ni lini hasa gemu hii iliamuliwa? Ukiirudisha nyuma hatua kwa hatua, unakuta mara nyingi haikuamuliwa pale kete zilipogongana. Iliamuliwa mapema, na kete moja iliyokaa peke yake karibu na kona, wakati ambapo sote tulikuwa tunatazama katikati.